Maktaba ya mawakili wa Edinburgh: maandishi matatu na lugha ya sheria

Wanaisimu hatuna desturi ya kuingia katika maktaba za sheria. Tunawaachia wanasheria vitabu vyao, nao wanatuachia sarufi zetu, na kila upande unaamini kwamba mwenzake hana la kumwambia. Makala haya yanakwenda kinyume cha desturi hiyo. Yanahusu maktaba moja kongwe, ile ya mawakili wa Edinburgh katika nchi ya Uskoti, ambayo siku za kawaida hutumiwa na wanachama wa chama cha mawakili tu, na ambayo tulipata kuiona mara moja kwa ruhusa iliyoombwa wiki kadhaa kabla. Hatukusudii kusifu jumba. Wamekwisha kulisifu wengine, na picha zake zinapatikana. Tunakusudia kusoma maandishi matatu yanayofungamana na mahali pale, kila moja la wakati wake, na kuyauliza swali ambalo katika jarida hili limerudi mara nyingi kwa sura mbalimbali: sheria husema lugha ya nani?

Kwanza mahali penyewe, kwa kifupi. Nyuma ya kanisa kubwa la St Giles, katika mji wa kale wa Edinburgh, kuna jumba lililokuwa la bunge la Uskoti. Ukumbi wake, wenye dari ya mbao za mwaloni zilizoungwa kama mbavu za jahazi lililopinduliwa, ulimalizika mwaka 1639. Bunge lilikaa humo hadi mwaka 1707, Uskoti ilipoungana na Uingereza. Tangu hapo jumba ni la mahakama. Katika ukumbi huo mtu yeyote anaweza kuingia siku za kazi bila kulipa kitu. Ataona dirisha kubwa la vioo vya rangi, lililotengenezwa Munich na kuwekwa mwaka 1868, linaloonyesha mfalme James V akiifungua mahakama kuu mwaka 1532. Ataona pia jambo linalowashangaza wageni wote: mawakili wanatembea wawiliwawili, kutoka upande mmoja wa ukumbi hadi mwingine, wakirudi tena na tena, wakizungumza kwa sauti ya chini. Wanatembea ili asiwepo wa kusimama karibu na kusikia shauri lao. Sijapata kuona mahali pengine ambapo siri hulindwa hadharani namna hiyo. Kando ya ukumbi kuna ujia wenye masanduku ya mbao yaliyopangwa ukutani, kila moja na jina la wakili wake, ambamo hutiwa makaratasi ya kesi. Mbele zaidi kuna mlango wa maktaba, na hapo ndipo uhuru wa mgeni unapokoma.

Ndani, jumba la sasa ni kazi ya William Henry Playfair, la miaka ya 1830. Rafu zinapanda ukutani hadi juu, meza ziko katikati ya rafu, na watu waliokuwamo siku ile hawakuinua macho tulipopita. Nilitarajia kujiona mdogo. Badala yake nilijiona kama mtu aliyeingia jikoni kwa wenyeji wakati wa kupika: si kwamba alikatazwa, ila kila mmoja pale alikuwa na kazi isipokuwa yeye.

Maktaba ilianzishwa mwaka 1682 na kufunguliwa rasmi mwaka 1689 kwa juhudi ya Sir George Mackenzie, mwanasheria mkuu wa mfalme, ambaye maskini wa dini waliowindwa katika zama zake walimwita Mackenzie wa damu. Hotuba ya ufunguzi aliitoa kwa Kilatini. Yafaa tulizingatie jambo hilo. Nchi ile wakati huo ilikuwa na Kigaeli katika milima, Kiskoti katika mabonde na mijini, Kiingereza kikizidi kuingia kutoka kusini. Na nyumba ya sheria yake ikafunguliwa kwa lugha ambayo hakuna mama aliyembembelezea mtoto. Kwa karne kadhaa kijana aliyetaka kuwa wakili alitakiwa kuandika na kutetea tasnifu kwa Kilatini. Mlango wa kwanza wa maktaba, kwa hiyo, haukuwa wa mbao.

Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1710, katika enzi ya malkia Anne, maktaba hii ikawa miongoni mwa zile zilizostahili kupewa nakala ya kila kitabu kilichosajiliwa, kiwe cha sheria au cha mapishi. Chama cha watu wachache kikajikuta kinatunza vitabu vya taifa zima. Mzigo ukawalemea, na mwaka 1925 mawakili wakalitolea taifa vitabu vyao visivyo vya sheria, vipatavyo 750,000 pamoja na ramani na vijitabu, ndiyo chanzo cha Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Fedha za kuianzisha zilitoka kwa Alexander Grant, tajiri wa kiwanda cha biskuti, aliyetoa pauni 100,000. Vitabu vya sheria mawakili walijibakizia, na haki ya kupata nakala mpya za sheria wanayo hata leo. Majumba mawili yanapakana na kuungana. Msomaji wa kawaida anayehitaji kitabu cha sheria huketi upande wa taifa na kukiomba, nacho huletwa kutoka upande wa mawakili. Basi si kweli kusema kwamba maktaba hii imefungwa kabisa. Kitabu hutoka; ni mtu asiyeingia. Tuliobaki nje ya majumba mengi ya elimu tunaijua tofauti hiyo, na tungeridhika mara nyingi kama huku kwetu kitabu kingetoka.

Andiko la kwanza ni sheria ya mwaka 1449 juu ya wakodi wa mashamba. Ilitungwa na bunge la mfalme James II, na maudhui yake ni mepesi: mkulima aliyekodi shamba atakaa humo mpaka mwisho wa muda aliopatana, kwa kodi ileile, hata kama bwana wa shamba ameliuza kwa mtu mwingine, na yeyote atakayelinunua. Ni sentensi moja. Haijafutwa hadi leo, na hakimu wa Uskoti anayeamua shauri la mpangaji na mnunuzi angali anaweza kuitegemea.

Lugha yake ni Kiskoti. Tangu enzi ya mfalme aliyetangulia, mwanzoni mwa karne ya 15, bunge lilikuwa limeanza kuandika sheria zake kwa lugha ya watu badala ya Kilatini. Istilahi zake zilitoka shambani na sokoni: ukodi huitwa *tack*, kodi huitwa *mail*. Neno hili la pili linaishi hata katika lugha ya Waingereza wasiojua asili yake, kwani ndilo lililomo ndani ya neno *blackmail*, kodi nyeusi, yaani mali iliyotozwa na wanyang'anyi wa mpakani kwa wakulima ili wasiwaibie ng'ombe. Mkulima wa mwaka 1449 hakujua kusoma. Lakini aliyemsomea sheria hiyo mbele ya kanisa hakuhitaji kumfasiria. Hapo kuna tofauti kubwa kati ya kutojua kusoma na kutoelewa, tofauti ambayo maofisa wetu huichanganya kila siku.

Wapo watakaotuambia kwamba tunaipamba zama ya kale. Sivyo. Sheria nyingi za bunge lile zilikuwa za kikatili, na lugha ya watu hutumika vizuri kabisa kutangaza adhabu ya kunyonga. Hoja yetu ni nyembamba zaidi: sheria iliyokusudiwa kumkinga mtu dhidi ya mwenye nguvu kuliko yeye haimkingi ikiwa yule mwenye nguvu peke yake ndiye anayeielewa.

Sasa tuingie katika karne ya 18, wakati maktaba ilipokuwa bado katika vyumba vya chini, chini ya sakafu ya ule ukumbi wa bunge. Mwaka 1752 mawakili walimchagua David Hume kuwa mtunza maktaba. Mshahara ulikuwa pauni 40 kwa mwaka, lakini vitabu vilikuwa kama 30,000, naye alivihitaji kwa kuandika historia yake ya Uingereza. Alibaki hapo hadi mwaka 1757. Mwaka 1754 wasimamizi waliamuru vitabu vitatu vya Kifaransa alivyoviagiza viondolewe rafuni kwa kuwa havina adabu. Kimojawapo kilikuwa hadithi za La Fontaine. Hume alikasirika, akaendelea na kazi, na mshahara wake akampa mshairi kipofu, Thomas Blacklock. Kisa hiki husimuliwa kila mara kumsifu Hume, na kweli anastahili sifa kwa kisa hiki.

Visa viwili vingine vya miaka hiyohiyo husimuliwa mara chache zaidi, wala sijaona vikiwekwa pamoja. Mwaka uleule wa 1752, katika baadhi ya nakala za kitabu chake cha insha za siasa, Hume aliambatisha orodha ya maneno ya Kiskoti ambayo mwandishi mwenye heshima anapaswa kuyaepuka. Na katika toleo la insha zake la mwaka 1753 aliongeza tanbihi katika insha juu ya tabia za mataifa, na tanbihi hiyo ndiyo andiko letu la pili. Humo anasema anashuku kwamba watu weusi ni duni kwa maumbile kuliko weupe; kwamba hakuna taifa lao lililostaarabika, hakuna ufundi, hakuna elimu. Akijua kwamba Jamaika husemwa kuna mtu mweusi mwenye elimu, anamfananisha na kasuku anayetamka maneno machache waziwazi. Mtu huyo kwa kawaida huchukuliwa kuwa Francis Williams, aliyetunga mashairi kwa Kilatini, lugha ileile iliyofungulia maktaba.

Tuisome tanbihi hiyo kama wanaisimu. Kipimo chake cha ubinadamu ni usemi: yule ni kasuku, kwa sababu ameiga. Aliyeandika hayo ni mtu ambaye mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa amechapa orodha ya maneno ya mama yake ili yeye na wenzake wasije wakayatamka mbele ya watu wa London. Mwaka 1761 mawakili na mabwana wa Edinburgh walijaza ukumbi kumsikiliza Thomas Sheridan, aliyetoka Ireland, akiwafundisha kutamka Kiingereza. Hatusemi hayo kwa kucheka. Mtu anayeonea aibu ulimi wake mara nyingi hutafuta ulimi mwingine wa kuudharau.

Jibu kwa tanbihi hiyo lilitoka Aberdeen. Mwaka 1770 James Beattie, katika insha yake juu ya ukweli, alimpinga Hume kwa hoja ambazo hata leo hazijachakaa. Aliuliza ni ajabu gani ikiwa mtumwa asiyefundishwa kusoma, asiyesikia lugha anayoijua, asiyeruhusiwa kufanya lolote ila aliloamriwa, hakuonyesha elimu. Na akakumbusha kwamba Wazungu wenyewe miaka elfu mbili nyuma wangeshindwa mtihani huohuo. Tungependa kumaliza hapo na kumvika Beattie taji. Lakini Beattie naye, mwaka 1787, alichapa orodha yake mwenyewe ya makosa ya Kiskoti, ndefu kuliko ya Hume. Wapinzani wawili juu ya mtu mweusi walipatana kabisa juu ya lugha ya mama zao. Jambo hili liwe onyo kwa kila anayedhani kwamba mwenye msimamo mzuri katika shauri moja atakuwa nao katika mashauri yote.

Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliondoa jina la Hume katika mnara wake mmoja. Maoni yangu ni kwamba jina kuondolewa au kubaki kuna uzito mdogo kuliko tanbihi yenyewe kusomwa, na kusomwa pamoja na ile orodha.

Andiko la tatu si kitabu. Ni makaratasi ya kesi. Katika mahakama kuu ya Uskoti wakati huo hoja nyingi hazikusemwa bali ziliandikwa, zikachapwa kwa nakala chache, zikagawiwa majaji ili wakazisome nyumbani kwao. Mawakili walizihifadhi, wakazifunga mijalada, na mijalada hiyo iko kwa wingi katika maktaba hii na katika ile ya jirani, maktaba ya mawakili waandishi wa muhuri wa mfalme. Si vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya wasomaji. Ndiyo maana vina mambo ambayo vitabu havina: bei ya farasi, ugomvi wa kisima, mke anayedai mahari yake.

Ndimo ilimohifadhiwa habari ya Joseph Knight. Alichukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto, akavushwa bahari na nahodha aliyeitwa Knight, ambaye jina lake ndilo alilobaki nalo, akauzwa Jamaika kwa John Wedderburn. Huyo Wedderburn alikuwa mwana wa bwana wa Kiskoti aliyenyongwa mwaka 1746 baada ya uasi ulioshindwa vitani Culloden. Kijana alikimbilia Jamaika bila kitu na kurudi tajiri. Mwaka 1769 alirudi Uskoti pamoja na Knight. Knight akabatizwa, akafundishwa kusoma. Na kwa kuwa alijua kusoma, mwaka 1772 aliona katika gazeti habari ya hukumu ya London katika kesi ya Somerset, akaelewa kwamba inamhusu. Alimwoa Ann Thomson, mtumishi wa nyumba ileile, na akataka kuondoka. Bwana wake akamshtaki.

Mahakimu wa amani wa wilaya ya Perth walimpa ushindi Wedderburn. Knight akakata rufaa kwa hakimu wa juu wa Perth, John Swinton, ambaye mwaka 1774 aliamua kwamba hali ya utumwa haitambuliwi na sheria za nchi ile. Wedderburn akaipeleka kesi Edinburgh, katika jumba lile tulilolieleza, na mnamo Januari 1778 majaji walio wengi wakaithibitisha hukumu ya Swinton. Robo karne ilikuwa imepita tangu tanbihi ya Hume. Hume mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1776.

Uhakiki wa andiko hili una ugumu wa pekee. Sauti ya Knight imo, lakini kila mara katika nafsi ya tatu, ikipitia kalamu ya mawakili wake, miongoni mwao Allan Maconochie na John Maclaurin. Hoja zao ni za sheria ya Roma, za maumbile, za Maandiko Matakatifu. Maisha ya Knight huonekana katika nyufa za hoja hizo: gazeti, ndoa, ahadi ambayo yeye aliisikia kwa namna moja na bwana wake kwa namna nyingine. Kesi haikumhitaji aseme lugha ya utoto wake, na haikuihifadhi. Alishinda kwa lugha ya tatu. Mwandishi James Robertson alitunga riwaya juu yake mwaka 2003, na humo Knight anatafutwa kwa muda mrefu kuliko anavyoonekana. Nadhani mtunzi aliyaelewa vizuri makaratasi aliyoyasoma.

Msomaji mwenye kupenda ulinganifu atafurahi kujua kwamba Lord Auchinleck, jaji aliyejulikana kwa kusema Kiskoti kizito kitini pake, alimpa haki Knight; na kwamba mwanawe James Boswell, wakili aliyejitahidi sana kusema kama mtu wa London, aliichapa mwaka 1791 hoja ambayo Samuel Johnson aliitunga kumtetea Knight, kisha akaongeza palepale maneno yake mwenyewe ya kuitetea biashara ya watumwa. Inavutia kusema kwamba lugha ya mama ilimfunza baba huruma. Tusiseme hivyo. Wapo waliosema Kiskoti kizito na kumiliki watu Jamaika. Henry Dundas, mmoja wa waliomtetea Knight mahakamani, ndiye aliyetia neno "polepole" katika pendekezo la kufuta biashara ya watumwa bungeni mwaka 1792. Biashara ikafutwa mwaka 1807, na wanahistoria wangali wanabishana kama kielezi hicho kiliokoa pendekezo au kiliua watu. Kwa vyovyote ni kielezi kimoja, na sisi tunaofundisha vielezi darasani kana kwamba ni mapambo ya kitenzi tungefanya vema kukitaja.

Nimefikia mahali ambapo ni lazima nirudi nyumbani, si kwa sababu desturi ya jarida inadai hivyo, bali kwa sababu nilikuwa na jambo rohoni nilipokuwa naitazama mijalada ile.

Shangazi yangu alikuwa na kesi ya parseli. Mtu alidai kiwanja chake. Kesi ilichukua miaka, na siku ya hukumu alipewa karatasi ya Kifaransa. Jirani aliyesoma sekondari kidogo akamsomea. Alipofika kwenye neno *débouté*, akamfasiria kama alivyojua: *debout*, yaani simama. Wamesema usimame utoke. Shangazi akaanza kufunga vitu. Alikaa wiki mbili akiwa amefunga masufuria kwa kamba, akilala juu ya mkeka, mpaka nilipofika kumsalimu. Nikaisoma karatasi. Aliyekuwa *débouté*, yaani aliyekataliwa dai lake, ni yule mtu mwingine. Nikamwambia, "Shangazi, umeshinda." Akanitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, basi kwa nini hawakuniambia?"

Sina jibu, ila naweza kueleza jinsi hali hiyo ilivyofika. Sheria yetu ya mikataba ni ya mwaka 1888, amri ya dola la Léopold II, na ndiyo kitabu cha tatu cha kanuni zetu za madai hadi leo. Mawakili wa zamani waliijua kutoka mikusanyo minene ya Piron na Devos, yote kwa Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Ibara ya 18 inataka mtu aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 142 inaitaka serikali iieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu kutangazwa kwake. Naomba msomaji aisome ibara hiyo ya 142 mara mbili. Kisha ajaribu kukumbuka ni sheria ngapi amezishika mkononi zikiwa kwa Kiswahili.

Tutaambiwa kwamba lugha zetu hazina istilahi. Jibu hilo ni la uvivu. Tanzania iliamua kwa sheria ya mwaka 2021 kwamba lugha ya mahakama zake ni Kiswahili, na maneno kama mlalamikaji, mdaiwa, rufaa na dhamana yalikuwepo muda mrefu kabla. Tutaambiwa tena kwamba Kiswahili chetu si kile; kwamba mtu wa Lubumbashi husema avoka, juji, parke, na hatamwelewa anayemwambia wakili, hakimu, ofisi ya mwendesha mashtaka. Hoja hii ina ukweli, na inatugusa sisi zaidi kuliko serikali. Maana ni sisi, watu wa idara za lugha, tulioandika kwa miaka mingi orodha za "usiseme hivi, sema hivi", tukiwafundisha wanafunzi kuonea haya Kiswahili cha mtaani kwao. Hume na Beattie wangetutambua. Neno parke limeingia katika Kiswahili chetu kama *mail* ilivyoingia katika Kiskoti, kwa mlango wa maisha, na mama anayeitwa huko anajua vizuri sana maana yake. Fasiri ya sheria itakayokataa kulitumia kwa sababu si sanifu itakuwa Kilatini kingine.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Sheria iliyofasiriwa kwa maneno ya kila siku tu huweza kupoteza ukali wa maana. "Kukodi" kwetu ni kwa gari, kwa nyumba, hata kwa kiti cha harusi. Sheria inataka kujua ni ipi. Kiskoti cha mwaka 1449 kilitatua jambo hilo kwa kuchukua neno la shambani na kulifunga kwa matumizi, kesi baada ya kesi, mpaka likawa istilahi bila kuacha kuwa neno la watu. Kazi hiyo haifanywi na kamusi. Hufanywa na hukumu zilizoandikwa, zikahifadhiwa, zikasomwa. Ndiyo maana mijalada ile ya makaratasi ya kesi ilinigusa kuliko vitabu vyenye ngozi na dhahabu: ni akiba ya maneno yaliyopitia mdomoni mwa watu wenye shida. Sehemu ya makaratasi hayo imekwisha kupigwa picha na kuwekwa katika intaneti kwa ushirikiano wa chuo kikuu cha Edinburgh na maktaba hizo mbili, hivi kwamba anayekosa viza anaweza kusoma baadhi yake hapa hapa, umeme ukiwepo.

Pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu tumejaribu kuitia sheria ya mwaka 1449 katika Kiswahili, na baada yake ibara ya 18 ya katiba yetu. Ibara ya 18 ilikwisha katika kipindi kimoja. Ile sentensi moja ya zamani imetuchukua majuma matatu, kwa kuwa darasa limegawanyika kati ya "mkulima", "mpangaji" na "aliyekodi shamba". Na mwanafunzi mmoja kutoka Kalemie ameleta neno la nne, analotumia babu yake, ambalo wengine wote hawakulijua. Tumeliandika ubaoni pamoja na mengine, na rasimu zote nne zitachapwa katika toleo lijalo.